Safari ya Masika ya Kumrudisha Aika

Sikwenda Mafia kula bata. Naliweka hili wazi mwanzoni kwa sababu majirani zangu wa Mtaa wa Narung'ombe wameshapata cha kunitania, eti Mzee Elia siku hizi ni mtu wa visiwani. Mimi nina duka la vitasa, bawaba na koki za maji pale Kariakoo, na nikitaka kupumzika nakwenda Machame kwa mama yangu, ambako maji yanapita mferejini na hakuna anayekulazimisha kuingia ndani yake. Nilikwenda Mafia, tena katikati ya masika, kumrudisha binti yangu nyumbani.

Aika ni mtoto wangu wa mwisho. Kaka zake wawili wana maisha yao Arusha, mmoja mwalimu, mwingine daktari wa mifugo, na hakuna kati yao anayeweza kutofautisha kitasa cha mlango wa mbao na cha mlango wa alumini. Aika ndiye aliyekulia kaunta. Tangu yuko shule ya msingi alikuwa anazungusha ufunguo mara moja tu, anasikiliza, kisha anasema hiki kizima, hiki kibovu. Magoti yangu hayapandi tena ngazi za stoo. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa mwepesi: amalize chuo, achukue duka, mimi nikae pembeni nibishane na wateja. Asipolichukua yeye nalifunga, na nikishalifunga sijui nitakuwa naamka asubuhi kwa ajili ya nini.

Alipomaliza shahada yake ya uhasibu alituaga, akasema amepata kazi ya muda hotelini Mafia. Mimi na mama yake tukaelewa kwamba ni kazi ya hesabu, naye hakutusahihisha. Ulipita karibu mwaka. Halafu asubuhi moja Bi Zuhura, jirani yangu anayeuza mapazia, mwenyeji hasa wa Kariakoo aliyezaliwa nyumba ya pili kutoka dukani kwangu, aliingia na simu mkononi, anacheka mpaka mtandio unamdondoka.

"Baba Aika, hebu mtazame mwanao."

Nikatazama. Aika alikuwa amevaa nguo nyeusi ya mpira iliyombana mwili mzima, mtungi wa hewa mgongoni, miwani mikubwa imekaa juu ya paji la uso. Nyuma yake bahari.

"Anafundisha watu kupiga mbizi," Bi Zuhura akasema. "Sisi watu wa pwani tumekaa tunauza mapazia, Wachaga mmeshaingia baharini. Sasa mtatuachia nini jamani?"

Mimi sikucheka. Siku hiyohiyo nilipiga simu hotelini, na sikumwulizia Aika, niliomba chumba. Wakanitajia bei, nikaiponda, ikashuka. Nikaiponda tena, ikashuka tena bila ubishi wowote. Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza, maana mimi mwenyewe nikiona naachia mzigo kirahisi namna hiyo huwa najua una kutu. Lakini nilinogewa na ushindi. Chumba nikakichukua kwa jina la duka, kwa mazoea ya risiti.

Jumatatu asubuhi niliondoka nyumbani kwetu Upanga. Mvua ilikuwa imeanza tangu usiku na gari la kukodi lilikuja limelowa hadi viti. Mama Aika alinifungia ndizi za kuchoma na chupa ya chai, akanishikia mwavuli mpaka mlangoni mwa gari.

"Nenda ukamwone mtoto," akaniambia. "Usiende kugombana."

"Naenda kumchukua."

"Nimesema ukamwone, Baba Aika."

Mpaka Mkuranga nilikuwa bado najiona msafiri. Kutoka pale tulipoacha lami kushuka Nyamisati, niligeuka mzigo. Barabara ilikuwa uji. Dereva alikuwa kijana mwenye imani kubwa, kila dimbwi aliliingia kwa kasi na kusema "hapa tunapita mzee," na kila mara tulikwama, tukashuka, tukasukuma. Viatu vyangu vya kanisani, ambavyo nilivivaa nionekane mtu wa maana mbele ya wenye hoteli, vilifika gatini vikiwa havina rangi.

Nyamisati tulisubiri boti. Tuliambiwa inasubiri maji yajae. Nikatazama mbinguni, nikatazama chini, nikatazama ndizi zangu zilizolowa, nikashindwa kuelewa ni maji gani mengine yanayosubiriwa. Hatimaye tulipakia. Boti ilipita katikati ya mikoko kwa utulivu mzuri, nikaanza kudhani kwamba bahari ni kitu kinachosingiziwa tu. Tulipotoka kwenye mkondo, ikatuonyesha. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu alinipa limau ninuse, akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia naenda hotelini kupumzika. Alinitazama, akatazama mvua dirishani, akanionea huruma waziwazi.

Alasiri tulifika Kilindoni. Gari la hoteli lilikuwa halipo. Nikapiga simu, nikaambiwa linakuja. Nikapiga tena, nikaambiwa limefika. Nilisimama chini ya kibanda cha bati pamoja na mbuzi wanne mpaka lilipofika kweli, likiendeshwa na bwana mmoja mpole aitwaye Shabani.

"Karibu sana mzee wangu. Pole na mvua."

"Nilisubiri sana."

"Haina shida."

Haina shida! Aliyesubiri na mbuzi ni mimi, lakini anayesema haina shida ni yeye. Neno hilo nililisikia kwake mpaka nikatamani kulifungia kwenye kitasa. Baadaye nilielewa kwamba wafanyakazi wengi walikuwa wamerudishwa makwao kwa sababu ya masika, na Shabani alibaki kuwa dereva, mpokezi, mhudumu wa mezani na fundi bomba. Kwa bei ile wangeniambia mapema, ningekuja na fundi wangu.

Hoteli yenyewe iko upande wa pili wa kisiwa, kwenye ghuba. Sitaitaja jina. Ukutani mapokezi wamebandika picha kubwa ya papa potwe, yule samaki mkubwa kama lori, na chini yake mtalii anaogelea kwa furaha. Nikamwuliza Shabani potwe anaonekana saa ngapi.

"Potwe msimu wake umepita mzee. Mpaka miezi ya mwishoni mwa mwaka."

"Sasa picha ya nini?"

"Pambo tu, mzee."

Mimi nikiweka kitasa dirishani wakati stoo hakipo, wateja wa Kariakoo watanivunjia dirisha. Nikapelekwa chumbani. Paa la makuti lilikuwa linavuja pembeni ya kitanda, wameweka ndoo, na ndani ya ndoo wameweka ua jekundu ili ionekane ni mtindo. Taulo zilinuka unyevu. Koki ya bafuni ilikuwa inatiririka, nikainama kuitazama, nikaitambua mara moja. Ni zile nyepesi zinazoisha mpira ndani ya miezi michache. Naijua vizuri kwa sababu nami naiuza, ila ninapoiuza huwa sisemi inafaa hoteli ya kitalii.

Aika nilimkuta kwenye kibanda cha vifaa vya kuzamia, karibu na gati. Alikuwa ananing'iniza nguo za mpira zikauke, kazi isiyo na matumaini katika hali ya hewa ile. Aligeuka, akaniona, akasimama vilevile na nguo mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uhasibu wenyewe ndio huu?"

Alinivuta ndani ya kibanda, akanipa kiti, akanifuta mvua usoni kwa khanga yake kama mimi ndiye mtoto. Halafu akasema, "Baba, naomba hapa usiseme kama mimi ni mwanao. Wakijua watasema nimeleta ndugu waje kula bure. Wewe ni mgeni, mimi ni mfanyakazi. Sawa?"

"Mimi sijaja kuwa mgeni. Nimekuja kukuchukua."

"Najua. Mama kanipigia."

Mvua ilikuwa inapiga bati, tukaisikiliza wote wawili.

"Tufanye hivi," akasema. "Una siku tatu. Zama na mimi mara moja tu. Ukishatoka majini, ukiniambia nirudi dukani, nitarudi, na sitanuna. Lakini uniambie ukiwa umeshaona kazi yangu, sio kabla."

Nilikubali harakaharaka. Niliona ni biashara ya bure: mtu asiyejua kuogelea, mwenye magoti mabovu, aliyezaliwa mlimani, anaulizwa kama bahari ni mahali pa kufanyia kazi. Jibu nilikuwa nalo mfukoni.

Siku ya pili haikupambazuka. Kulikuwa na mwanga wa kijivu tu, kama nyuma ya pazia la Bi Zuhura, na mvua. Tuliambiwa boti haitoki. Wageni wengine walikuwa mume na mke wazee wa Kizungu ambao walicheza karata kutwa nzima bila kulalamika, nikawadharau kidogo. Chakula cha mchana nililetewa karatasi ya vyakula yenye kamba kochi, pweza wa nazi na changu wa kuoka.

"Nipe kamba kochi."

"Leo hatuna mzee."

"Pweza."

"Wavuvi hawajatoka, mvua."

"Mna nini?"

"Tambi."

Nimesafiri kutoka Dar es Salaam, ambako naweza kutoka dukani, nikafika soko la samaki la Feri na kula changu wa kukaanga akiwa bado anachemka mafuta, nikaja kisiwani kula tambi. Nazo zilikuwa zimepoa. Nikamwambia Shabani tambi zimepoa. Unajua alichojibu.

Meneja alikuja mezani kunisalimia. Jina lake Gaudence, kijana nadhifu wa Songea, kasomea mambo ya hoteli, shati limepigwa pasi hata siku ile ambayo umeme ulikuwa unakatika kila mara. Aliongea kwa upole wa darasani. "Mzee, sisi hapa maoni ya mgeni tunayachukua kwa uzito mkubwa. Lolote usilolipenda tuambie." Nikamwambia kwanza aanze na ndoo yenye ua. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema atalifanyia kazi.

Alasiri, mvua ikiendelea, Aika alinifundisha kwenye bwawa la kuogelea. Nililoweshwa juu na chini. Alinivalisha mtungi, akanipa kitu cha kung'ata mdomoni, akanifundisha ishara za vidole, na kila mara alirudia jambo moja.

"Mzee, usibane pumzi. Pumua wakati wote. Ukibana pumzi kule chini unaumia."

Aliniita mzee kama anavyomwita mgeni yeyote. Nilitoa kichwa majini, nikataka kumwambia nimekulipia ada ya shule mimi, lakini mdomoni nilikuwa na mpira.

Siku ya tatu asubuhi mvua ilipumzika. Haikuisha, ilipumzika tu, mawingu yakiwa yamekaa pembeni yanatungoja. Aika alimwambia nahodha twende sasa hivi, palepale ndani ya ghuba, pasipo na mkondo. Nilijibana ndani ya nguo ile ya mpira kwa msaada wa Shabani, ambaye alinisukuma tumbo na kusema ile kauli yake.

Kwenye boti Aika alishika mtungi wangu. Aliifungua koki yake taratibu, akainamisha sikio karibu, akasikiliza, akaifunga, akaifungua tena. Mimi mkono huo naujua. Nilimfundisha mimi, kwenye kaunta ya Narung'ombe, akiwa hajafikia hata kuiona meza bila kusimama juu ya kasha. Nilinyamaza, na safari hii haikuwa kwa sababu ya mpira mdomoni.

Tukashuka. Juu maji yalikuwa kama chai ya maziwa kwa sababu ya mvua zote zile, sikuona hata mikono yangu, nikaanza kuandaa maneno ya kumwambia. Halafu tukapita chini ya ule uchafu, na maji yakafunguka. Nisiseme uongo, sina ufundi wa kueleza nilichokiona. Kulikuwa na miamba ya matumbawe yenye rangi ambazo mimi nilidhani zipo kwenye vitenge tu, na samaki wadogo wengi wakipita mbele ya uso wangu bila kunijali. Kasa mmoja alikuwa amelala mchangani kama mzee aliyemaliza kula.

Hapo hapo maji yakaingia kwenye miwani yangu. Nikasahau kila nilichofundishwa, nikabana pumzi, nikaanza kupiga miguu nipande juu. Aika alinikamata ukosi kwa mkono mmoja, akanigeuza, akaweka uso wake mbele ya uso wangu. Hakuwa na haraka. Alinionyesha kwa mkono: toa, vuta, toa, vuta. Akanibonyeza miwani kwenye paji la uso, nikapuliza kwa pua, maji yakatoka. Na kwa muda wote huo hakuondoa macho yake kwangu. Mimi nimemlea yule mtoto, lakini nadhani sijawahi kumtazama machoni kwa muda mrefu namna ile tukiwa nchi kavu. Niliogopa sana, na nilimwamini sana, vyote kwa pamoja.

Tulipotoka alinisaidia kupanda boti, akanivua mapezi ya miguuni.

"Umeonaje?"

"Chumvi nyingi," nikasema.

Akacheka kwa sauti. Huyo anajua baba yake anavyosema.

Jioni ile mvua ilirudi na hasira ya kupumzishwa. Tulikaa kwenye kibanda chake, tukiwa wawili, tunakunywa chai, na mimi nikamwambia. "Baki. Nitatafuta mtu wa dukani." Nilipolisema niliumia, sitaficha, kwa sababu nilikuwa najua mtu wa dukani hayupo. Lakini nilikuwa nimeshaona kazi yake. Aika aliinama akanishika magoti yangu mabovu kwa mikono miwili, akakaa hivyo.

Sasa nifike asubuhi ya kuondoka, ambayo ndiyo inayonifanya niandike haya yote.

Kwetu Kariakoo kila mtu anajua jinsi ya kununua. Ukikipenda kitu, hukisifu. Mteja anayeingia dukani kwangu akasema "kitasa kizuri hiki" nampandishia palepale, na hatanilaumu. Mnunuzi mwenye akili anakishika, anakunja uso, anasema hiki chepesi, hiki cha wapi, mbona rangi imepauka, na kadiri anavyokitaka ndivyo anavyokiponda. Mimi naye tunaelewana vizuri kabisa. Akikiponda sana naagiza kifungwe.

Nilikuwa nimeamua kumleta Mama Aika kiangazi aone nilichokiona kwa macho yangu. Kwa hiyo asubuhi ile nilikwenda ofisini kwa Gaudence kutafuta bei. Nikaanza kazi. Nikaponda paa, taulo, tambi, gari, picha ya potwe. Aliitikia kwa kichwa. Nikaona analegea. Nikafika kwenye kile ninachokitaka zaidi ya vyote, nikakiponda kwa nguvu zangu zote.

"Na ile mbizi yenu ndiyo nini? Maji tope. Muda kidogo tu tumetoka. Na yule binti, miwani inaingia maji, ananikaba ukosi kama anakamata kuku! Mtu mzima mimi. Kwa huduma hiyo, mnataka nirudi na mke wangu kwa bei gani?"

Gaudence alisikitika kweli. Aliomba radhi mara nyingi, akaniahidi siku mbili za bure kiangazi. Siku mbili! Nilitoka pale nimevimba kifua. Gatini nilimuaga Aika kama mgeni anavyomuaga mfanyakazi, ila nilimkonyeza.

Kurudi, sikuona tope wala mawimbi. Nyamisati dereva yuleyule alitukwamisha mahali palepale, nikashuka kusukuma huku nikimsimulia habari za kasa. Kariakoo nilimkuta Bi Zuhura anafagia maji mlangoni kwake, nikamwambia ajiandae, nitamwonyesha picha. Nilimsema Gaudence, nilimsema Shabani, nilizisema tambi, na watu wakajaa dukani kusikiliza. Nilikuwa nimefurahi kiasi hicho.

Wiki hiyohiyo, siku ya Jumamosi, Aika aliingia dukani na begi. Bi Zuhura alipiga vigelegele. Mimi moyo uliruka, halafu nikamwona uso.

"Baba, meneja ulimwambia nini?"

"Nini? Sikumwambia kitu. Nilikuwa natafuta bei ya kuja na mama yako."

"Ulimwambia nakaba watu?"

"Nilikuwa naponda tu, Aika! Wewe unajua. Nilikuwa naponda ili apunguze!"

"Mimi najua," akasema. "Gaudence hajui. Gaudence hajawahi kununua kitu Kariakoo. Wageni hawapo, walikuwa wanatafuta nani wa kupunguza msimu huu. Ukawapa sababu. Kaniambia kuna mzee wa duka la vitasa amelalamika nusura azame."

Hakupaza sauti. Aliweka begi chini ya kaunta, akafunga khanga kiunoni, akamwuliza mteja aliyekuwa amesimama pale anataka nini. Mtu niliyekwenda kumchukua alikuwa amerudi, yuko mahali palepale nilipotaka awe, na sikuweza kumtazama.

Nilitoka, nikaenda mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja kutafuta mahali pasipo na kelele, nikampigia Gaudence. Nilimsifu Aika. Nilimwambia alivyokagua mtungi, alivyonishika, alivyonitoa maji kwenye miwani. Nilimwambia sijaona mfanyakazi kama yule. Alinisikiliza kwa heshima zote.

"Nashukuru mzee. Lakini juzi ulisema vingine."

"Juzi nilikuwa natafuta bei. Sasa nakwambia ukweli. Yule ni binti yangu."

"Aa," akasema. "Binti yako. Basi nimekuelewa, mzee." Na akaniaga vizuri sana.

Nilipomponda nikiwa mgeni, niliaminiwa neno kwa neno. Niliposifu nikiwa baba, sifa zote zikageuka upuuzi. Ndicho nilichokipata kwenye safari ile, na kinauma zaidi ya chumvi.

Masika bado inanyesha ninapoandika. Aika anauza vitasa. Anauza vizuri kuliko mimi, hanuni, kama alivyoahidi, na kila nikimwona anasikiliza ufunguo natamani afokee mtu. Duka nimepata, na silitaki kwa bei hii. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla wateja hawajajaa, nakaa kwenye kigoda changu na kupiga simu kwenye hoteli zenye kuzamisha watu: Pemba, Unguja, mpaka Mtwara. Wengi wanasema tupigie baada ya mvua.

Jana mwanamke mmoja wa Pemba alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Na wewe mzee ni nani wake?"

Nilimtazama Aika. Alikuwa anamhesabia fundi bawaba, amenipa mgongo.

"Mimi ni mteja wake," nikasema. "Nilizama naye."

"Huduma yake ilikuwaje?"

Maisha yangu yote sijawahi kujibu swali hilo sawasawa.

"Nzuri," nikasema. "Nzuri sana. Sina ninachotaka apunguze."

Fundi alikuwa bado amekinga kiganja, lakini mkono wa Aika wenye bawaba ulikuwa umesimama hewani.